Baridi yabisi: daktari kanitajia dawa tatu za kibayolojia nichague. Walioko Kanda ya Ziwa mlichaguaje?

MamaGunia (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa miaka 41, nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, na nina baridi yabisi, huu ni mwaka wa sita. Nikilitaja tu hilo jina, kila mtu ananiambia nivae sweta nisikae kwenye upepo wa ziwa. Jamani, siyo baridi ya upepo. Ni kinga ya mwili imegeuka inakula viungo vyangu yenyewe. Vipimo vya damu vyote viwili, RF na anti-CCP, vinasoma juu.

Asubuhi vidole havikunji mpaka saa tatu. Sindano ya kushonea gunia naishika kwa kiganja kizima kama mwiko, binti yangu ndiye anayevuta uzi. Nyumbani ni kule juu kwenye mawe, ngazi nazishuka kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Watoto wa jirani walikuwa wananicheka, sasa wamezoea.

Natumia metotreksati miligramu 15 kila Ijumaa, foliki asidi kesho yake, na prednisoloni miligramu 10 kila siku. Hiyo prednisoloni ndiyo inayonisimamisha, na ndiyo iliyonipa huu uso wa duara.

Sasa bingwa kasema tufikirie dawa za kibayolojia. Kaniandikia tatu kwenye karatasi. Infliksimabu ni dripu, leo, wiki ya 2, wiki ya 6, halafu kila wiki 8. Adalimumabu ni sindano najichoma mwenyewe tumboni au pajani kila wiki 2. Rituksimabu ni dripu mbili zinazopishana wiki 2, halafu napumzika kama miezi sita. Kasema niende nikafikirie, nirudi baada ya mwezi.

Nifikirie nini mimi? Naijua daraja ya dagaa, daraja ya dawa siijui. Ipi ina nguvu kuliko zote? Bei nimeambiwa, nikakaa chini. Mume wangu anasema tuuze kiwanja cha Kishiri. Naombeni mawazo kabla sijauza.

TibaAsili_Kanda

Pole sana dada. Hayo madawa ya kizungu yanaua ini. Kuna unga wa mizizi, vijiko viwili kwa wiki mbili, viungo vinalegea kabisa. Njoo inbox.

Mama Pacha

Inbox usiende! Mimi huo "unga wa mizizi" niliunywa miezi minne, wa mtu mwingine lakini maneno yale yale. Siku ya tatu nikapanda ngazi nakimbia, nikamsifia mganga mtaa mzima. Mwezi wa pili uso ukaumuka kama andazi, sukari ikapanda. Nilipouacha ghafla nililazwa. Daktari akaniuliza, "mama, ulikuwa unakunywa steroidi ya nani?" Mzizi hauwezi kukutuliza baridi yabisi kwa siku tatu halafu ukakuvimbisha uso. Mle ndani kuna prednisoloni au ndugu yake imesagwa.

BibiNesi

Mwangaluka wanangu. Nimekuwa nesi zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, ila masikio bado yako wodini.

MamaGunia, umeuliza ipi ina nguvu. Ukisubiri jibu la hilo utasubiri sana, maana kwa wagonjwa wengi hizo tatu hazipishani sana kwenye kutuliza viungo. Mimi nakuuliza mengine. Umepimwa kifua kikuu? Siyo kukohoa tu, ile TB iliyolala. Homa ya ini B umepimwa? HIV? Nyumbani una friji, na umeme ukikatika unarudi baada ya muda gani? Una mpango wa kuzaa tena?

Nieleze hiyo ya TB, maana hapa ndipo watu wa huku wanapoumia. Infliksimabu na adalimumabu kazi yake ni kuziba protini inayoitwa TNF. TNF ndiyo inayochochea moto kwenye viungo vyako, lakini ndiyo hiyo hiyo inayoshikilia ukuta ambao mwili umewajengea vijidudu vya TB visitoke. Ukiondoa TNF, ukuta unabomoka. Mwaka 2001 Wamarekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya infliksimabu. Wengi wao ilitokea ndani ya dripu tatu za mwanzo, na kwa 40 kati yao ilikuwa nje ya mapafu, kwenye matezi, tumboni, kwingineko. Kwa hiyo usikae unasubiri kikohozi. Homa za usiku, jasho, kukonda, tezi shingoni, hizo ndizo dalili zako.

Na Tanzania tumo kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Mzungu akipimwa TB iliyolala ni tahadhari. Wewe unayeshinda sokoni na watu mia ni lazima.

MamaGunia

Shikamoo mama. Friji ninayo, ya soda. Umeme ukikatika tunamwachia Mungu. Kuzaa nimemaliza. TB sijapimwa, nilipigwa tu picha ya kifua mwaka juzi.

BibiNesi

Marahaba mwanangu. Picha ya mwaka juzi ni ya mwaka juzi. Omba picha mpya na kile kipimo cha Mantoux, cha kuchomwa chini ya ngozi ya mkono, kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72. Kwa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga, uvimbe wa milimita 5 tayari ni chanya. Mwambie msomaji unatumia prednisoloni, maana inaweza kukifanya kipimo kisome hasi ya uongo. Kwa kuwa ni mtu wa ziwani, omba pia choo kipimwe. Kichocho hapa kwetu watu wanakuwa nacho tangu utotoni, na kuna minyoo midogo ya strongiloidi inayoweza kukaa kimya miaka, halafu ikasambaa mwili mzima mtu akiwa kwenye steroidi. Tibu kabla hujaanza.

Mgongo wa Mbao

Mimi ni mtu wa Sengerema. Ugonjwa wangu ni binamu wa wa kwako, wa uti wa mgongo kukakamaa. Natumia adalimumabu mwaka wa tatu. Sindano ni nzuri, sitaki kusema uongo. Kabla yake nilikuwa nageuka kitandani kwa awamu tatu, sasa nalala kama mtu.

Ila nikusimulie nilivyoua sindano mbili kwa mkono wangu. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa 2025, kutoka Mwanza ilikuwa lazima uvuke na kivuko. Siku hiyo nimechukua dawa mjini, foleni ya magari haisogei, jua la saa nane. Nikajiambia, mimi ni mtu wa sangara, kuhifadhi baridi ndiyo kazi yangu. Nikanunua barafu ya samaki, nikaimwaga kwenye boksi la kupozea, nikazika sindano katikati kama ninavyozika minofu.

Nafika nyumbani usiku, nafungua, sindano zimekuwa mawe. Nikaziacha ziyeyuke. Asubuhi naiinua moja kwenye mwanga wa dirisha, ndani kuna vitu vyeupe vinaelea kama maganda ya dagaa kwenye maji. Nikampigia mfamasia. Akasema tupa zote mbili, hata ile inayoonekana safi, dawa ya namna hii ikiganda imeharibika. Mwezi mzima wa dawa kwenye pipa. Mke wangu hakusema neno, ndicho kilichoniuma.

Samaki anataka barafu imguse. Sindano haitaki. Inatakiwa nyuzi joto 2 mpaka 8, pakiti ya baridi ifungwe kwenye taulo, kisha dawa ikae kwenye boksi lake la karatasi. Kwenye friji usiiweke karibu na friza wala kwenye ukuta wa nyuma unaoganda. Na hiyo friji yako ya soda inayofunguliwa kila dakika siiamini hata kidogo.

Dozi Kamili

Mfamasia hapa. Mkuu Mgongo wa Mbao umeongea kama kitabu, niongeze kidogo. Adalimumabu yenye jina la biashara Humira inaruhusiwa kukaa nje ya friji, isizidi nyuzi 25, kwa siku 14 tu, na ukishaitoa muda unahesabika. Kwa Mwanza chumba cha bati mchana kinavuka 25 kirahisi. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku mmoja usitupe dawa kwa hofu, ila usijidanganye kwamba una wiki mbili za starehe. Soma karatasi ya kampuni husika, maana hazifanani zote.

Sasa nirudi kwa mwanzisha uzi, kuna kitu watu wamekiruka. Dada, unatumia metotreksati na prednisoloni TU? Salfasalazini hujawahi kupewa? Haidroksiklorokwini je?

MamaGunia

Hapana kaka. Hizo sijawahi.

Dozi Kamili

Basi kiwanja kisiuzwe kwanza. Mwaka 2013 ulitoka utafiti mkubwa, wagonjwa 353 ambao metotreksati peke yake ilikuwa haiwatoshi, kama wewe. Nusu waliongezewa salfasalazini na haidroksiklorokwini, nusu wakaongezewa etanersepti, ambayo ni ya kibayolojia, sindano ya kila wiki. Ambaye hakupata nafuu kufikia wiki 24 alihamishiwa upande wa pili. Mwisho wa wiki 48, kundi la vidonge halikupitwa na kundi la sindano kwa kiasi cha maana. Vidonge, dada! Vya friji havijui.

Sisemi daktari wako kakosea. Huenda ana sababu, kama mzio wa salfa au viungo vimeshaanza kulika kwenye picha. Mwulize kwa adabu: "Dokta, je, vidonge vitatu kwa pamoja tumeshavijaribu? Na metotreksati yangu 15 haiwezi kupanda?" Watu wengi hufika 20 hata 25 kwa wiki, damu na ini vikipimwa. KWA WIKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona mtu kainywa kila siku akiona ni kidonge kidogo, vidonda vikajaa mdomoni, damu ikashuka. Hiyo inaua.

Kijana wa Pasiansi

Samahani wakuu, nauliza kishamba. Kibayolojia maana yake nini? Si dawa zote ni kemikali?

Dozi Kamili

Siyo ushamba. Metotreksati inatengenezwa kiwandani kwa kemia, molekuli ndogo, unaimeza. Hizi nyingine ni protini kubwa zinazozalishwa na seli hai ndani ya matangi. Ukiimeza tumbo linaisaga kama nyama, ndiyo maana ni sindano au dripu. Ndiyo maana zinataka baridi, ndiyo maana ni ghali.

Ravinder Maini na Marc Feldmann ndio walioonyesha pale London kwamba ukiiziba TNF viungo vinatulia. Wagonjwa wa kwanza walipewa 1992, na 2003 wakapewa tuzo ya Lasker. Ile ya kwanza ni infliksimabu, ambayo ndani yake ina kipande cha panya. Mwili unaweza kukitambua ukaanza kuipinga dawa, ndiyo sababu kwenye baridi yabisi inapewa pamoja na metotreksati. Kwa hiyo metotreksati huiachi hata ukihamia huko.

Halafu kuna bayosimila, zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa kufuata ile ya asili baada ya hataza kuisha. Ulaya iliruhusu ya infliksimabu 2013, na bei huko zilishuka sana. Kama inakuja kwenye famasi yako, angalia imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na uulize imesafirije kutoka Dar. Aliyekuja nayo kwenye buti la basi mwambie asante.

Mama Pacha

Kwa akina dada wanaosoma na bado wanazaa: metotreksati na mimba haviendi kabisa, unaiacha miezi kabla. Za kuziba TNF zinaweza kuendelea kwenye mimba kwa ushauri wa daktari, lakini miezi ya mwisho zinavuka kwenda kwa mtoto (sertolizumabu ndiyo haivuki sana). Na hapa kwetu mtoto akizaliwa tu anachomwa BCG, chanjo ya TB, begani. BCG ni vijidudu hai! Uingereza kuna mtoto alifariki kwa BCG iliyosambaa mwilini, mama yake alikuwa kwenye infliksimabu wakati wa mimba. Mimi niliandika kwenye kadi ya kliniki kwa kalamu nyekundu, na bado nesi wa zamu alikuja na sindano mkononi. Mume wangu ndiye aliyesimama mlangoni.

BibiNesi

Ahsante mwanangu, hilo nilikuwa nimelisahau. Na chanjo ya homa ya manjano vilevile, ni hai. Mwenye safari ya nje achanje mapema kabla hajaanza dawa.

Mtumbwi Mmoja

Kuna vidonge vinaitwa tofasitinibu, miligramu 5 mara mbili kwa siku. Havitaki friji. Shemeji yangu yuko Nansio anatumia, sindano zilimshinda kwa sababu ya boti. Mbona hamvitaji?

Dozi Kamili

Tunavitaja sasa. Siyo vya kibayolojia, ila vinakaa daraja moja nazo kwa kazi. Kwa mtu wa kisiwani ni faida kubwa. Lakini kinga inashuka vilevile, TB inapimwa vilevile, na mkanda wa jeshi unawapata zaidi. Kwa mvutaji wa sigara, mwenye matatizo ya moyo, au aliyevuka miaka 65, madaktari wanavikwepa kama kuna njia nyingine. Shemeji apimwe na lehemu pia, huwa inapanda.

Mgongo wa Mbao

Na kwa wenye migongo kama mimi: rituksimabu siyo yetu, msiingie tamaa na hiyo miezi sita. Sisi ni za TNF au sekukinumabu. Kila ugonjwa na dawa yake, ingawa wote tunachechemea sawa.

MamaGunia: MREJESHO

Wakuu nimerudi kwa daktari na karatasi yangu. Nilikuwa naogopa ataniona mjuaji. Nilipouliza vidonge vitatu akavua miwani, akacheka, akasema swali zuri. Kumbe faili langu la zamani lilionyesha nilishapewa salfasalazini, wakati famasi ile ilikuwa imeishiwa na sikuwahi kuinunua. Hakuna aliyeniuliza tena. Sikulaumu mtu, na mimi sikusema.

Kwa hiyo: metotreksati imepanda 20, salfasalazini na haidroksiklorokwini zimeongezwa, macho nimepimwa kwa ajili ya hiyo ya mwisho. Homa ya ini B hasi, HIV hasi. Mantoux imevimba milimita 14. Picha ya kifua safi, sikohoi, kwa hiyo ni TB iliyolala. Nimeanzishiwa aisonaizidi kila siku kwa miezi 6 pamoja na vitamini B6. Ini linapimwa kila mwezi kwa sababu aisonaizidi na metotreksati zote zinalichokoza.

Kiwanja bado kipo.

BibiNesi

Mhola! Na pombe hata kwa harusi ya mdogo wako, hapana.

MamaGunia: MREJESHO wa pili, baada ya miezi saba

Samahanini kwa ukimya, ulikuwa msimu.

Vidonge vimenisaidia, siyo kidogo. Kutoka saa tatu asubuhi nimekuja saa moja na nusu. Prednisoloni imeshuka mpaka 5. Magoti yametulia. Ila viwiko vya mikono, kwa maana ya hapa kiganja kinapoungana na mkono, bado vinavimba, na picha imeonyesha mfupa umeanza kulika upande wa kulia. Daktari akasema sasa hatusubiri.

Safari hii kukaa kufikiria hakukunichukua mwezi. Friji ya soda mnaijua. Kila wiki 2 kujichoma, na mimi nikisafiri kwenda Ukerewe kufuata mzigo, sitaweza. Infliksimabu nzuri, ila kila wiki 8 kufunga meza siku nzima, na ukikatisha kwa sababu pesa haijatimia, kuirudia baadaye mwili unaweza kuikataa kwa mzio. Biashara yangu inafuata mwezi, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hakuna, pesa hakuna. TB nimemaliza kinga yake lakini ukuta sitaki kuubomoa kama kuna njia nyingine.

Rituksimabu haigusi TNF, inaondoa seli B, aina ya seli za kinga, na daktari akasema hufanya vizuri zaidi kwa wenye RF na anti-CCP juu kama mimi. Dawa inakaa kwenye friji ya hospitali, siyo yangu. Mara moja kwa kama miezi sita, naweza kuiwekea kibubu. Nilichanjwa nimonia wiki nne kabla, maana ukishaipata dawa chanjo hazishiki vizuri.

Dripu ya kwanza ilichukua karibu siku nzima. Walinipa kwanza dawa za kuzuia mzio. Saa ya pili koo likaanza kuwasha, nesi akapunguza kasi, kukatulia. Ya pili, baada ya wiki 2, nililala usingizi.

Neema wa Igoma

Dada hongera. Mimi pia RF yangu iko juu, na mimi napenda hiyo ya miezi sita. Ila nilikutwa na homa ya ini B. Naweza kuchoma tu?

BibiNesi

Usichome. Hiyo ndiyo dawa inayojulikana sana kwa kuiamsha homa ya ini B, na imeshaua watu, hata wale ambao kipimo cha kawaida kinasoma hasi lakini waliwahi kuugua zamani. Daktari anatakiwa apime na ile kingamwili ya kiini cha kirusi. Ukutane na daktari wa ini kwanza, kuna vidonge vya kukizuia kirusi, na huenda wakakuchagulia dawa tofauti kabisa. MamaGunia alichagua kwa vipimo vyake, wewe chagua kwa vyako.

Mgongo wa Mbao

MamaGunia, ni wiki ya ngapi sasa? Gunia unashona?

MamaGunia

Wiki ya kumi na moja kaka. Jana nimeshona magunia tisa, sindano nimeishika kwa vidole. Kidole gumba cha kulia bado kinagoma, kwa hiyo kufunga fundo la mwisho ni kazi ya binti.